Poda ya Mashine

Mwaka ule wa 1955, mu Kamalondo, mutaa ya bantu beusi, bantu baligombana juu ya bintu mingi: pombe, banamuke, kuku ya jirani. Ku lupango, mu kiwanja ya nyumba ya Adalbert, baligombana juu ya majivu.

"Kuanzia leo, mu nyumba hii, majivu imekwisha," Adalbert alisema. Alikuwa karani ku biro moja ya reli, na alisema vile na kravati mu shingo, juu kravati hakuivuaka hata kwa kukula bukari.

Adolphine, bibi yake, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mukono moja mu sufuria, ingine mu majivu ya mbabula. Hakuinua kichwa.

"Imekwisha namna gani, Baba Annie? Kila siku tunawasha makala, kila siku majivu inazaliwa."

"Nasema ya kuoshea byombo. Siku ya posho, Jumamosi, bantu ba komisyo banakuja kutazama nyumba. Batatazama mpaka mu bikombe. Batakuuliza: Madamu, unaosha masahani na nini? Utajibu majivu? Sawa musenji?"

"Nitajibu: mutazame kwanza."

Na akainua sufuria. Jua ikapiga mule ndani, ikaruka, ikamuingia Adalbert mu macho. Akafumba.

Haikuwa bongo, ilikuwa kweli. Sufuria za Adolphine zilikuwa za aluminium, na muntu angeweza kujitazama mule na kunyoa ndevu. Lakini heshima yake kubwa ilikuwa masahani: za maua, roza nyekundu katikati, duara ya rangi ya zahabu pembeni. Mama yake alizileta toka Kongolo siku ya ndoa, amezikumbata mu treni sawa mapacha. Chini ya kila moja Adolphine alipaka kamusalaba kadogo ka rangi nyekundu, juu kila mwanamuke wa avenue alikuwa na alama yake. Ndoa ikifika, ao kilio, banamuke balikuja kukopa kwake. Na sheria bote baliijua: sahani ya kukopa hairudi chafu, na hailali kwa wengine na mafuta juu yake. Mwanamuke mwenye kukopwa masahani anapewa kiti karibu na moto, na watu bakipika banamuuliza kama chumvi imetosha. Adolphine hakuwa na shule kubwa, hakuwa na ndugu ku biro. Alikuwa na masahani.

Adalbert, yeye alitaka karte ya mérite civique, karatasi ya serikali ya bazungu ya kusema muntu mweusi amestaarabika; ndiyo sababu komisyo ilikuwa inakuja. Na tusimucheke haraka. Muntu mwenye kravati, mwenye kuandika Kifaransa bila kosa, lakini kila siku ananunua chumvi kupitia dirisha ya pembeni ya duka, iko na haki ya kutaka kupita ku mulango.

"Basi tuchague sabuni," alisema. "Tuchague na akili."

Bakapanga ku meza. Kulikuwa sabuni ya kipande, ya kufulia. Adalbert akainusa. "Hii ni ya mashati. Komisyo watakunywa chai yenye harufu ya kola ya shati." Kulikuwa soda ya mawe-mawe. "Hii ni ya choo." Kulikuwa bonge ya sabuni nyeusi, ya mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, kazi ya mukono ya jirani yao, mwanamuke wa Kasai, jina yake Mujinga. Adalbert akaisukuma na kidole kimoja. "Na hii inanuka Kasai."

"Nimesikia, karani!" sauti ikaruka ukuta ya matete. Ilikuwa Mujinga mwenyewe. "Kasai inanuka muzuri kuliko ile mafuta unapaka mu kichwa! Inzi banakufuata mpaka ku biro!"

Adolphine akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba Annie, kama sabuni zote zimeanguka mutihani, basi utuoshee na kravati."

"Cheka," Adalbert alisema. "Nitaleta ya bazungu."

*

Duka ya Mugriki mumoja ilikuwa mujini, na ilikuwa na mulango kwa bazungu na dirisha kwa wengine. Ku dirisha mustari ilikuwa murefu: maboyi ba nyumba, bapishi, na bantu bawili nyuma ya Adalbert, Mujinga na chupa yake ya mafuta. Adalbert alipofika mbele, aliona nyuma ya kichwa ya Mugriki kisanduku kizuri. Juu yake balichora glasi na masahani zenye kumeta sawa macho ya mutoto mwenye kutoka kulala.

"Ile," akaonyesha.

Mugriki akatazama kisanduku. Akatazama kravati. "Ile ni poda ya mashine ya kuosha masahani. Mashine ya umeme. Uko nayo?"

Sasa, jibu ilikuwa neno moja tu, na ni neno rahisi, hata mutoto wa Annie, binti yao, angelisema kama Annie angekuwa na mutoto. Annie mwenyewe alikuwa hajaota meno ya mbele. Lakini nyuma ya Adalbert boyi mumoja alikuwa amesha kuchekea mu mukono: "Mashine? Kamalondo?" Na kicheko ikaanza kutembea mu mustari.

Adalbert akakohoa. "Iko."

"Ku nyumba yako?"

"Ku nyumba yangu."

Ku nyumba yake taa ilikuwa ya petroli.

"Muzuri," Mugriki akasema. "Juu poda hii haitaki mukono ya muntu. Inakula ngozi. Na aluminium usitie."

"Najua," Adalbert akajibu, sawa muntu aliyezaliwa ndani ya mashine. Akaweka kisanduku mu kwapa, picha ikitazama inje, akapita mbele ya mustari yote polepole.

Mujinga alisikia kila neno. Akafikiri labda shefu wa Adalbert alimutuma kumununulia, na karani anaona haya kusema. Akanunua mafuta yake, akaenda.

*

Siku ya posho asubuhi Adolphine alichemsha maji, akatia poda. Maji ikatoa kaharufu ka kupasua pua.

"Baba Annie, hii inauma."

"Ni nguvu. Bintu ya bazungu iko na nguvu."

"Inauma mpaka ndani ya kucha."

"Usiguse sana. Acha ifanye kazi yenyewe."

Na ikafanya. Adolphine alipoinua sahani ya kwanza, roza ilibaki mu kitambaa. Duara ya zahabu ilitoka sawa rangi ya mudomo baada ya karamu. Ya pili vile vile. Akageuza chini: hata kamusalaba kameenda. Akakimbilia sufuria, akazitoa mu beseni moja kwa moja, na kila moja ilikuwa nyeusi, nyeusi ya bomba ya moshi, inje na ndani. Aliweka byote chini, akatazama mikono yake. Ilikuwa nyekundu sawa ya mutoto aliyezaliwa jana.

"Uliuliza muzuri ku duka?"

"Niliuliza."

"Balikuambia ni ya mikono?"

Adalbert akavuta kravati. "Mama Annie, unabishana na kisanduku? Si unaona balichora masahani?"

Adolphine akaenda kutafuta limau. Alijua dawa ya sufuria: limau, muchanga ya laini, na majivu. Akakata limau, akainama ku mbabula. Adalbert akamushika mukono, mule mule kwenye ilikuwa inawaka.

"Apana! Banafika saa hii. Bakukute na majivu mu mikono? Heri sufuria nyeusi."

"Heri kwa nani?"

Mulango ikapigwa. Adalbert akasukuma kisanduku chini ya kitanda na muguu, akaenda kufungua.

*

Balikuwa bawili: Bwana mwenye kofia ngumu na Madamu mwenye glove nyeupe. Balitazama kitanda, chandarua, choo, musalaba ku ukuta. Bwana alitikisa kichwa ya kukubali, na kila mara Adalbert alirefuka kidogo. Kisha bakaingia mu jikoni.

Madamu akainua sahani na vidole viwili. Kwenye roza ilikuwa, kulibaki doa sawa ya maji ya chai. Akaweka chini. Akafunua sufuria. "Na hii?" aliuliza. "Hii ni nini?"

Adolphine akatazama bwana yake. Hakuwa na hofu hata kidogo, juu makosa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale pale. Adalbert alikuwa na kusema tu: ni miye, nilikosea ku duka. Bantu banakosea.

"Ni bibi yangu, Madame," Adalbert akasema na Kifaransa yake nzuri, na Adolphine alijua Kifaransa ya kutosha kwa kuelewa neno ile. "Angali anatumikisha majivu. Ninamufundisha kila siku, lakini kichwa yake ni ya ku mugini."

Madamu akasikia huruma ya kweli. Akashika mikono ya Adolphine, akaona wekundu. "Masikini! Unaona, mama? Majivu inakula ngozi. Majivu mubaya. Sabuni. Sa-bu-ni." Alisema na sauti kubwa, sawa bantu banasema na kiziwi, na nyuma ya ukuta ya matete banamuke ba avenue, bote bamesimama ku vidole vya miguu, balisikia neno ile ikikatwa vipande.

Adolphine akafungua kinywa.

"Anasema merci," Adalbert akasema mbio.

*

"Ni maneno ya kupita," Adalbert alimuambia kisha. "Karte ikifika, itakuwa yetu sisi bawili."

"Jina langu litakuwa juu yake?"

"Jina ni la baba wa nyumba. Lakini heshima ni ya bote."

"Heshima yangu unaitoa mu nini? Mu mabaki?"

Adalbert alikunja gazeti, akatoka kupunga hewa.

Haikukawia, Nkandu, mwanamuke wa nyumba ya kona, akamuoza binti yake. Adolphine alikaa ku baraza tangu asubuhi, amevaa kitambaa safi mu kichwa, akingoja bakuje kukopa. Banamuke balipita. Balipita na masahani mu vichwa, za huyu na za yule, na balipofika mbele yake balitazama upande ingine, sawa kuna kitu kizuri sana mu mutaro. Nkandu peke yake alisimama.

"Usikasirike, mama. Balisema byombo yako imepata bugonjwa."

"Bugonjwa gani?"

"Miye najua nini? Muzungu alisema ni chafu. Na bwana yako mwenyewe alikubali."

Ile siku mangaribi Mujinga aliingia na mafuta ya mawese mu kakikombe, kwa kupaka vidole vya Adolphine. Alimupaka kimoja kimoja. Kisha akauliza, sawa muntu anauliza habari ya mvua:

"Ile poda alileta karani, ni ya nani?"

"Ya hapa. Njo ile, ndiyo ile iliniosha."

Mujinga akaacha kupaka. "Ndugu yangu. Miye nilikuwa ku mustari. Mugriki alimuambia: haitaki mukono ya muntu, inakula ngozi, aluminium usitie. Akajibu: najua."

"Alijibu najua?"

"Na mbele ya ile, Mugriki alimuuliza kama muko na mashine. Akasema iko, ku nyumba."

Adolphine akatazama mu nyumba yake: meza, taa ya petroli, beseni. Akazungusha macho yote, polepole, sawa kweli anaitafuta.

"Mashine gani, yaya, dada yangu?"

"Nafikiri mashine ni weye," Mujinga akasema.

Hata Mujinga, mwenye kucheka mpaka mu vilio, hakucheka.

*

Karte ikafika. Adalbert aliiweka mu kioo na mbao, akapigilia musumari mu sebule, akairudia kuinyoosha mara na mara. Alitaka karamu. Alikuja kwa Adolphine na sauti ya asali.

"Nitakununulia kitenge, Mama Annie."

"Sitake kitenge."

"Viatu?"

"Nataka maneno. Siku ya karamu, bantu bakisha kukaa, useme: ile poda nilinunua miye, na nilijua. Basi. Hata usiongeze chumvi."

Adalbert akalamba midomo. "Mbele ya bantu ba biro?"

"Ulinitupa mbele ya bantu. Uniokote mbele ya bantu."

Akatazama karte, sawa ile njo ingemupa ruhusa. "Nitasema. Naapa."

Adolphine akaamini. Muntu aliyelala na weye miaka yote, unamuaminia na nini kingine? Akaenda nyumba kwa nyumba kukopa masahani na sufuria, yeye mwenye kukopesha. Balimupa, na huruma juu, na ile huruma ilikuwa nzito kubeba kuliko porcelaine. Akapika kuku, sombe, samaki, bukari nyeupe sawa pamba.

Karamu ilikuwa muchana, baada ya misa. Bantu ba biro balikaa ku meza, Léonard, rafiki mukubwa wa Adalbert, ku mukono ya kuume. Banamuke ba avenue balijaa ku mulango ya jikoni. Adalbert akasimama. Alishukuru Mungu, shefu, reli, na tena shefu.

"Na sasa, neno juu ya bibi yangu."

Adolphine akapangusa mikono, akasogea mbele. Mujinga akamusukuma kidogo mu mugongo, asogee tena.

"Bibi yangu ametoka mbali," Adalbert akasema. Alimutazama, akatazama Léonard, akatazama glasi yake. "Munajua bote, alikuwa anaosha na majivu. Wengine bangemurudisha ku mugini. Miye nilivumilia. Leo, Mungu asifiwe, majivu imekwisha mu nyumba hii."

"Bravo!" Léonard akapiga meza. "Kusomesha bibi ni kazi kubwa kuliko biro!"

Bakapiga makofi. Adolphine alibaki amesimama na kitambaa mu mukono mpaka makofi ikaisha. Kisha akabakaribisha bantu kukula. Alibagawia kuku vizuri, hakumusahau hata mumoja, Léonard alimupa paja.

Bantu balipokwisha kushiba, aliingia mu chumba, akachokoa chini ya kitanda, akarudi na kisanduku. Akakiweka ku meza mbele ya Adalbert, picha ikitazama wageni.

"Baba Annie amesema muzuri," akasema. "Alisahau kitu kidogo. Ku Mugriki alisema tuko na mashine ya kuosha masahani. Sivyo, yaya Mujinga?"

"Nilisikia na masikio yangu," Mujinga akasema. "Hata chupa yangu ilisikia."

"Basi, mashine leo imechoka." Na Adolphine akafungua kitambaa cha kiuno, akakitundika ku bega ya Adalbert, akavuta kiti, akakaa.

Adalbert akacheka. Alicheka peke yake muda murefu kidogo. Bantu ba biro bakakumbuka kila mumoja ana kitu ya kufanya ku nyumba, bakaaga. Banamuke, bao, habakutoka, juu masahani ilikuwa yao na sahani ya kukopa hailali na mafuta. Bakakaa chini ku kivuli ya nyumba, miguu imenyooka.

"Karani," Nkandu akasema, "tunangoja."

Adalbert alitazama Adolphine. Adolphine alikuwa anatazama kuku ya jirani. Basi Adalbert akakunja mikono ya shati, akafungua kisanduku.

"Haiko ku sahani yangu!" banamuke bakalia pamoja. "Weka chini ile sumu!"

Akachukua sabuni ya kipande. Masahani zikakubali, lakini sufuria zikabaki na mafuta yao. Alisugua, akasugua, jasho ikaingia mu macho. Mwisho akatazama kushoto, akatazama kuume, akatupa kravati nyuma ya bega, akachuchumaa ku mbabula, akachota majivu. Na aliweza! Mikono yake haikusahau lupango ya mama yake. Sufuria ya Nkandu ikaanza kumeta.

"Ah," Nkandu akasema polepole, "kumbe anajua."

Adolphine akamutazama sasa. Kuna kitu ilitaka kulegea mu uso yake.

Pale mulango ya lupango ikalia. Ilikuwa Léonard, alisahau kofia. Akasimama.

"Adalbert? Ile ni majivu?"

Banamuke bote bakageuza macho kwa Adalbert. Adalbert alikuwa amechuchumaa, mikono ya kijivu mpaka ku viwiko. Maneno ya kusema ilikuwa ile ile moja, ni miye, na ilikuwa fupi kuliko mbele. Adolphine akashika kiti pande mbili.

"Ni bibi," Adalbert akasema, bila kugeuka. "Anakatala sabuni. Utafanya nini na banamuke?"

Léonard akacheka, akachukua kofia yake, akaenda.

Adolphine hakushangaa. Ile njo ilimuumiza: kutafuta mushangao mu moyo na kukosa. Akasimama, akaingia mu jikoni, akatoa sufuria yake moja kati ya zile nyeusi, ile kubwa, hakuisugua tangu siku ya komisyo. Banamuke balisikia nyundo ikipiga mu sebule. Balipochungulia, sufuria ilikuwa imetundikwa ku ukuta, bega kwa bega na karte ya mérite civique.

Kesho yake Adalbert aliishusha. Alipotoka ku biro aliikuta imerudi. Aliishusha tena, ikarudi tena, na musumari mukubwa zaidi.

Banamuke, bao, balirudi kukopa. Masahani haikuwa na roza tena, lakini kamusalaba kalipakwa upya, na Adolphine alipata kiti yake karibu na moto. Anaosha na majivu, muchana, mbele ya bote. Lakini wageni ba Adalbert bangali banakuja kuona karte, na hakuna mwenye kuona karte bila kuona sufuria. Kila mumoja anauliza: "Na hii, karani, ni nini?"

Adalbert anakohoa. Siku ingine anasema ni moshi. Siku ingine ni ukumbusho wa mama mukwe. Siku ingine anauliza habari ya mvua. Na kila mara swali inaulizwa, mule jikoni kusugua kunasimama, na Adolphine, mukono mu majivu, anangoja asikie leo atajibu nini.